Kuotesha grafini ya tabaka mbili juu ya aloi ya shaba na nikeli

Habari zenu, karibuni. Leo tunaotesha grafini, yaani utando wa kaboni ambao kila tabaka lake lina unene wa atomi moja. Tunataka tabaka mbili, na kila kitu kinategemea kiasi cha nikeli. Shaba tupu karibu haiyeyushi kaboni kabisa, kwa hiyo tabaka la kwanza likishafunika uso, kazi inakoma hapo. Nikeli inameza kaboni nyingi, halafu ikipoa inaitoa ovyo: hapa tabaka mbili, pale kumi. Kundi la mwanasayansi Rodney Ruoff kule Ulsan, Korea Kusini, lilionyesha mwaka 2020 kwamba nikeli ikiwa asilimia 16.6 ya atomi zote unapata tabaka mbili, na ikifika asilimia 20.3 unapata tatu. Oneni pengo lilivyo dogo!

Chukua foili ya shaba yenye unene wa mikroni 25, ukubwa wa sentimita 2 kwa 5, iliyokwisha kuchomwa hadi ikawa fuwele moja yenye uso wa (111), yaani ule ambao atomi zake zimepangana kwa pembe sita. Foili ya kawaida pia huotesha, ila mipaka ya fuwele zake huharibu mpangilio wa grafini. Ioshe kwa asetoni, kisha asidi ya asetiki iondoe oksidi, suuza, kausha kwa nitrojeni. Sasa ipime. Mizani isome karibu miligramu 224. Andika namba hiyo.

Tunaingia kwenye kupaka nikeli kwa umeme. Maji yetu yana salfeti ya nikeli, kloridi ya nikeli na asidi ya boriki, joto nyuzi 50. Foili iende upande wa hasi, vibamba vya nikeli viwe chanya, kimoja kila upande. Weka miliampea 200 kwa dakika 11 na nusu hivi. Tazameni wekundu wa shaba unavyopotea na weupe wa nikeli unavyotanda. Toa, suuza, kausha, pima tena. Tunataka nyongeza ya miligramu 41. Ikiwa imepungua, rudisha ndani kidogo. Ikikaribia 53, umeshaingia kwenye tabaka tatu. Usiiamini saa peke yake, amini mizani. Kingo hupata nikeli nyingi kuliko katikati, kwa hiyo baadaye sampuli tutaikata katikati.

Kabla ya kuwasha tanuri, hakikisha mrija wa kwatzi hauvuji na agoni imefukuza hewa yote. Haidrojeni hushika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato. Panda hadi nyuzi 1050 ukiwa na agoni na haidrojeni. Shaba huyeyuka kwenye 1085, basi kipimajoto chako kiwe sahihi. Kaa hapo saa 4 ili nikeli ienee mpaka katikati ya foili.

Ndipo methani, chanzo chetu cha kaboni, iingie, kidogo sana, iliyochanganywa na agoni nyingi. Ukiimwaga kwa pupa, mbegu za grafini huota kila mahali na fuwele zinabaki ndogo. Muda ukiisha, funga methani na papo hapo sogeza tanuri litoke kwenye sampuli. Ikipoa polepole, kaboni iliyobaki ndani ya aloi itatoka na kuongeza mabaka ya tabaka la tatu.

Funika uso kwa plastiki ya PMMA ili ishike grafini, yeyusha aloi kwa pasalfeti ya amoniamu, uinue utando kwa kipande cha silikoni chenye oksidi ya nanomita 300, kisha ondoa PMMA kwa asetoni.

Sasa kipimo cha Raman, kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli; leza yetu ni ya nanomita 532. Kilele karibu na 1350 (namba za vilele ni za sentimita kinyume, cm⁻¹) kisionekane, maana hicho ni cha kasoro. Kilele cha 2D, karibu na 2700, kiwe kipana, kama 50 hivi, na kigawanyike vizuri katika vilele vinne: hapo tabaka zimepangana kwa mtindo wa AB, yaani la juu limesogea pembeni kidogo bila kuzunguka. Kikiwa chembamba, kama 30, usikimbilie kulaumu nikeli. Angalia kwanza rangi chini ya hadubini. Ikiwa nyepesi, ni tabaka moja, ongeza nikeli. Ikiwa nzito kama ya tabaka mbili, tabaka la pili limezunguka, na hapo kagua ufuwele wa foili yako.