Kabla ya Kulaumu Mtutu, Tazama Mafuta

Ndugu zangu, najua wengi mmekuja kusikia habari za vita vya Tanga, Novemba 1914, na moshi wa bunduki za askari wa jeshi la Wajerumani. Habari ya moshi kila mtu anayo: Mauser ya mwaka 1871, baruti nyeusi, askari akifyatua mara moja tu keshajulikana alipo. Sawa. Mimi naulizia jambo ambalo halina mwenyewe: risasi ile ilifikaje ilikolengwa? Na jibu langu ni lile lile mlilokwisha kulichoka. Mafuta.

Pokeeni hii, ipite mkono kwa mkono. Haina baruti, mzee wangu, usirudi nyuma. Ni ganda la Mauser 71 lililopasuliwa kwa urefu. Chini palikaa baruti, gramu 5. Juu ni risasi yenyewe, gramu 25, imevikwa karatasi. Sasa tazameni katikati: vidubwasha viwili vya kadibodi, na baina yake kipande cha nta ya nyuki, ndiyo mafuta ninayoyasema. Hakikuwekwa kwa urembo.

Ukimuuliza mtu kazi yake, atakwambia ni kulainisha risasi ipite. Hiyo ni nusu ya jibu, na nusu ndogo. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki vumbi na masizi. Sehemu inatoka kama moshi, sehemu inang'ang'ania ndani ya mtutu. Jua likiwa kali na hewa kavu, masizi hayo yanakauka yanakuwa ukoko wa sufuria. Risasi ya kwanza itapita, na ya pili. Ukiendelea, risasi laini inaanza kukwaruzwa, haiushiki tena sawasawa mzunguko wa mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu kuizungusha risasi, inatoka ikiyumba. Hapo mpigaji anatangaza kuwa mtutu umekwisha. Umekwisha wapi! Mtutu ni mchafu. Nta ikiyeyuka inachanganyika na masizi, yanabaki laini, na risasi inayofuata inayafagia nje. Kulenga vizuri ni hivyo tu: kila risasi iukute mtutu katika hali ile ile aliyoukuta mwenzake. Waingereza nao waliliona hilo. Martini-Henry yao ya mwaka 1871 ina nta chini ya risasi na karatasi juu yake.

Kuna mtu ataniambia mafuta ni jambo dogo. Dogo? Kawaulize India. Mwaka 1857 Waingereza walikuwa wanawaletea sepoi, askari wao wa Kihindi, bunduki ya Enfield, inayoshindiliwa kutoka mdomoni. Bunduki ya mifuo ukiishindilia bila mafuta, baada ya muda mfupi risasi haishuki kabisa. Kwa hiyo karatasi ya kifurushi, kile chenye baruti na risasi pamoja, ikapakwa mafuta, na askari alifundishwa kuirarua kwa meno. Ikavuma kwamba ni mafuta ya ng'ombe na nguruwe: Mhindu na Mwislamu wote wametukanwa kwa mpigo mmoja! Serikali ikaruhusu askari wachanganye mafuta yao wenyewe, lakini uvumi ulikuwa umeshatangulia. Kule Meerut wapanda farasi 85 wakavikataa vifurushi, wakafungwa jela; tarehe 10 Mei wenzao wakainuka, wakaasi. Msininukuu vibaya. Ardhi, kodi, mishahara, dharau, yote yalikuwemo. Nasema tu kwamba jeshi halikuweza kusema, basi, tutafyatua bila mafuta. Bunduki isingekubali.

Haya, wanaopiga bunduki hizi leo, huko Ulaya na Marekani, kwa risasi wanazosubu wenyewe kwenye kalibu. Wengi huacha karatasi, wanajaza mafuta kwenye mifereji iliyo ubavuni mwa risasi. Na daima yupo fundi wa kusema grisi ni grisi, chota ya gari. Hapana! Mafuta ya petroli yakikutana na baruti nyeusi yanafanya utando mzito mfano wa lami. Nta ya nyuki na shahamu, au mafuta ya mimea, yatosha. Ila mafuta yakizidi ulaini, juani yanatiririka hadi kwenye baruti, na baruti iliyolowa haina nguvu moja. Nta safi huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, ndiyo maana nchi za joto zinataka nta nyingi.

Ukimaliza kupiga, chungulia. Mdomo wa mtutu ukiwa na alama ya mafuta mfano wa nyota, yalifika mwisho wa safari. Madini ya risasi yakiwa yamegandia karibu na mdomo, mafuta yaliisha njiani. Yakigandia mwanzoni, mara nyingi risasi ni nyembamba kuliko mtutu, moto unaipita ubavuni. Hapo usinilaumu mimi wala nta.

Ugumu wa risasi, yaani Waingereza kutia sehemu 1 ya bati kwenye 12 za madini ya risasi, nilitaka kuufikia, lakini mwenyekiti ameshasimama. Aulize mwenye swali.