Meza Mbili, Darubini Moja: Mhadhara wa Kumuaga Bingwa wa Macho

Matabibu, wauguzi na wanafunzi wa macho, wakubwa zangu shikamooni. Tunamuaga bingwa wetu, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kazi, nitamuaga kwa habari za kazi. Nitaanzia kwa mstaafu mwenzake wa Madurai, kusini mwa India.

Govindappa Venkataswamy, maarufu kama Dokta V, alistaafu utumishi wa serikali mwaka 1976 akiwa na miaka 58, na mwaka huohuo akaanzisha Hospitali ya Macho ya Aravind yenye vitanda 11. Ujanani baridi yabisi ilimkunja vidole hata kushika kalamu kukamshinda. Akajizoeza upya, akawa mpasuaji.

Wengi husifu vidole hivyo. Mimi nasifu zaidi jinsi Aravind walivyopanga chumba cha upasuaji: meza mbili sambamba, darubini moja inayogeuzwa huku na huku. Daktari anapomaliza mgonjwa wa kwanza, wa pili ameshapigwa ganzi na jicho limeshasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, povidoni ayodini ya asilimia 5. Wauguzi, wengi wao mabinti wa vijijini waliofunzwa hapohapo, ndio wanaopanga vifaa na kupima jicho ili kuchagua lenzi ya bandia itakayowekwa ndani yake. Upimaji huo msiudharau. Ukikosea urefu wa jicho kwa milimita 1 tu, nguvu ya lenzi inapotoka kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3, na mgonjwa anaondoka haoni vizuri ingawa upasuaji ulikwenda salama.

Sasa upasuaji wenyewe wa mtoto wa jicho, yaani kuitoa lenzi ya asili iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, ule unaofanywa kwa mkono bila kuhitaji nyuzi za kushonea. Njia huchongwa kwenye weupe wa jicho, milimita 1.5 hadi 2 nyuma ya ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), upana milimita 6 hadi 6.5, kina nusu ya unene. Wanafunzi wengi huharibia hapa. Ukipita juujuu, paa la njia linatoboka. Ukizama mno, unaingia ndani mapema, airisi, ile duara yenye rangi ya jicho, inachomoza kwenye jeraha, na jeraha halijifungi lenyewe. Baada ya kufungua kifuko cha lenzi ya asili na kukiachanisha kwa maji kiini chake kigumu, weka jeli ya kutosha mbele na nyuma ya kiini kabla ya kukitoa. Kikikwaruza konea kwa ndani, seli zake zilizokufa hazioti tena, na zikipotea nyingi konea hubaki na ukungu. Ukuta wa nyuma wa kifuko ukipasuka, ute unaojaza jicho kwa ndani huja mbele. Usiuvute, kwani unavuta na retina, utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho! Ukate, usafishe, ndipo uifikirie lenzi.

Lenzi za bandia za kuagiza ziliuzwa kama dola 100. Mwaka 1992 Aravind wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, bei ikashuka hadi kama dola 10. Waliolipa wakabeba gharama za wasio na kitu, na wote wakapasuliwa na madaktari walewale.

Mzee wetu, ombi langu kwako ni kiti cha mwalimu pembeni ya darubini. Mwanafunzi akichonga njia, wewe utaitazama ncha ya kisu: ikionekana waziwazi mno yuko juujuu, isipoonekana kabisa amezama. Mwambie palepale, kabla hajaingia ndani ya jicho.