Tyubu Kabla ya Mashine: Kuipata DNA Huru Kwenye Damu

Wenzangu wa maabara, na nyinyi wauguzi mnaotoa damu, karibuni. Leo siianzi mada na mashine ya kusoma DNA. Tuhesabu kwanza.

Seli zikifa, vipande vya DNA yake huingia kwenye damu; hiyo ndiyo DNA huru. Watafiti Mandel na Métais waliigundua DNA hiyo kwenye damu, Ufaransa, mwaka 1948. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake wakaonyesha kuwa katika plazma (majimaji ya damu yaliyotengwa na seli) ya mjamzito imo DNA ya mtoto aliye tumboni. Saratani nayo humwaga yake, ila ni haba mno. Mililita 10 za damu hutoa plazma kama mililita 4. Mgonjwa akiwa na nanogramu 5 (nanogramu ni sehemu ya bilioni ya gramu) za DNA huru kwa kila mililita ya plazma, mmepata nanogramu 20, yaani nakala 6,000 hivi za jenomu, ile seti nzima ya DNA ya mtu. Ikiwa ya saratani ni moja katika 10,000, mabadiliko ya DNA ya saratani mnayoyatafuta huenda hayamo kabisa ndani ya tyubu. Mashine gani itasoma kisichokuwemo?

Basi tusipoteze hata kidogo kilichomo. Adui wa kwanza ni seli nyeupe za mgonjwa mwenyewe. Damu ikikaa kwenye tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), seli hizo hupasuka na kumwaga DNA ndefu inayoifunika ile tunayoitaka. Kipimo kitaonyesha DNA tele, nasi tutafurahia takataka! Tenganisheni plazma ndani ya saa 4 hadi 6, mkizungusha tyubu kwenye sentrifuji mara mbili: kwanza kwa kasi ndogo ili seli zishuke zikiwa nzima, kisha plazma peke yake kwa kasi kubwa. Serumu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, haifai, kwa sababu damu inapoganda seli nyeupe hupasuka. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, nayo huzuia PCR, njia ya kunakili DNA ili ipimike.

Vituo vilivyo mbali vinahitaji tyubu zenye dawa ya kuhifadhi seli kwa siku kadhaa. Ni ghali, lakini fedha ikiwa chache, mimi ningeiweka hapo kabla ya kununua mashine mpya. Utafiti wa AI-REAL, Tanzania na Uganda, unatafuta limfoma (saratani za mfumo wa limfu) za watoto na vijana kupitia damu. Familia nyingi za wagonjwa hao haziishi karibu na maabara kubwa.

Mnapoitoa DNA kwenye plazma, kumbukeni vipande hivi ni vifupi, takriban jozi 166 za besi, yaani herufi za DNA. Vifaa vilivyotengenezwa kwa DNA ndefu huvipoteza wakati wa kuosha.

Mwaka 2024 watafiti wa MIT na Broad Institute, taasisi za Marekani, walichoma panya sindano inayochelewesha ini kuisafisha DNA hiyo, na kiasi kilichopatikana kikaongezeka zaidi ya mara kumi. Nalifuatilia kwa hamu. Kwa sasa naomba jambo moja: kila fomu iandikwe saa damu ilipotolewa na saa plazma ilipotenganishwa.