Ngano Ikinyimwa Virutubisho: Jionee Mwenyewe kwa Chupa Mbili

Habari zenu, karibuni. Leo tunaotesha ngano kwenye chupa mbili. Moja tutailisha, nyingine tutainyima, halafu tuone hiyo iliyonyimwa inajikimu vipi. Ngano haikai tu ikisubiri kufa njaa. Ina mbinu zake, na nyingi zinaonekana kwa macho.

Hatua ya kwanza, matayarisho. Chukua chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, za lita moja na nusu. Kata shingo, toboa vitundu chini, jaza mchanga. Nimesema mchanga, sio udongo: udongo una virutubisho vyake na utaharibu jaribio lote. Uoshe na kuusuuza mpaka maji yatoke safi kabisa. Kila chupa izungushie karatasi nyeusi unayoweza kuivua, maana mwanga ukiingia, mwani utaota ukutani na hutaona mizizi.

Hatua ya pili, mbegu. Loweka ngano usiku mmoja, panda mbegu nne kila chupa, kina cha sentimita tatu hivi, upande mmoja karibu na ukuta. Kisha egemeza chupa zilalie kidogo upande huo huo wa mbegu. Mizizi hushuka wima, kwa hiyo itakutana na plastiki na kuteremka nayo. Zikishaota, bakiza miche miwili iliyo sawa kila chupa.

Hatua ya tatu, kunywesha. Chupa ya shibe ipate mbolea ya maji yenye virutubisho vyote, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chupa ya njaa ipate maji ya mvua peke yake. Maji ya bomba au kisima mara nyingi huwa na naitreti, yaani naitrojeni ambayo mmea huila, kwa hiyo yaepuke. Kiasi kiwe kilekile kwa zote mbili, na mchanga uwe na unyevu tu, usijae maji.

Siku za mwanzo hutaona tofauti ya maana. Usidhani umekosea. Mche bado unakula akiba ya mbegu.

Hatua ya nne, na hapa usiwe na haraka: soma majani. Sogea karibu na chupa ya njaa. Tazama jani la chini kabisa, lile lililotangulia kuota. Manjano yanaanzia kwenye ncha, yanateremka kuelekea shinani. Sasa tazama jani jipya la juu: bado lina ukijani. Kilichotokea ni kwamba mmea unavunja protini za jani kuukuu, unatoa naitrojeni iliyomo na kuipandisha kwa jani changa. Jani la chini halikuugua, limenyonywa makusudi. Hata ngano iliyoshiba hufanya hivi wakati wa kujaza punje: sehemu kubwa ya naitrojeni ya punje hutoka kwenye majani na mashina yaliyoichukua kabla ya kuchanua. Yenye njaa imeanza mapema tu.

Hii inakupa kipimo cha kutumia shambani. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu huhamishika ndani ya mmea, hivyo upungufu wake huanzia majani ya chini. Chuma na salfa hazihamishiki kwa urahisi, ndiyo maana zikipungua, jani jipya ndilo hupauka kwanza. Kwa chuma utaona mistari: mishipa ya kijani, katikati yake manjano.

Hesabu pia machipukizi ya pembeni. Ya shibe itakuwa inayatoa. Ya njaa imebaki na shina moja. Kuliko masuke mengi yasiyo na kitu, bora moja lenye punje. Mimi naona huo ni uamuzi wa busara kwa kiumbe kisicho na ubongo.

Hatua ya tano, vua karatasi. Usilinganishe urefu wa mizizi peke yake, linganisha mizizi na majani ya mmea huohuo. Kwenye chupa ya njaa juu pamedumaa, lakini chini bado kuna mizizi mingi kwa umbo lile dogo. Sukari inayotengenezwa na majani inapelekwa zaidi kutafuta chakula. Ng'oa mche mmoja wa chupa ya njaa, usuuze taratibu, uuweke kwenye bakuli la maji na uangalie kwa kioo cha kukuzia. Ule ukungu mweupe kwenye mzizi ni vinyweleo. Hivyo ni muhimu hasa kwa fosforasi, ambayo karibu haitembei udongoni. Mzizi lazima uifuate ilipo.

Kuna mbinu moja ambayo chupa haitakuonyesha. Udongo mwingi umejaa chuma, ila kwenye udongo wenye chokaa kimeshikamana na hakiyeyuki. Ngano hutoa kwenye mizizi asidi maalumu inayokikamata chuma, kisha huvuta vyote viwili ndani kwa pamoja. Hutoa zaidi asubuhi, saa chache baada ya jua kuchomoza. Maharage hayana njia hii. Yenyewe huongeza uchachu kuzunguka mizizi na kukibadili chuma kabla ya kukivuta.

Hatua ya mwisho, ule mche uliobaki kwenye chupa ya njaa uanze kuupa mbolea ileile, nusu kipimo. Usiuzidishie ukidhani unafidia, utaunguza mizizi. Na usikodolee macho lile jani la chini, halirudi kuwa kijani. Jibu utaliona kwenye jani litakalofuata kuchomoza: likiwa pana kuliko lililotangulia na kijani kimekolea, chakula kimefika.