Lupa Kwanza, Riverbu Baadaye

NEEMA: Karibuni tena jamani. Leo swali mnalotuuliza sana, mtu ana gitaa la umeme na ampu ndogo, anataka zile sauti za kuelea, zinazojirudia zenyewe, aanze kununua nini? Baraka kaka, tuambie.

BARAKA: Lupa, yaani pedali ya kukanyaga inayorekodi unachopiga na kukirudia. Wengi wanakimbilia riverbu, ile pedali ya kuipa sauti mvumo wa ukumbi mkubwa, tena ya bei mbaya, hela inaisha hapo. Mi nasema chukua lupa ndogo kama Ditto ya TC Electronic, kitufe kimoja tu, inarekodi dakika 5, au Boss RC-1 ile yenye duara la taa linalozunguka kukuonyesha lupu, kile kipande kinachojirudia, imefika wapi, kwa anayeanza inasaidia mno.

NEEMA: Halafu dilei.

BARAKA: Dilei, pedali ya kurudisha mwangwi, tena ya kawaida tu. Weka muda milisekunde 500 hivi, mwangwi urudi mara tano sita. Sasa zima volyumu ya gitaa kwa kidole kidogo, piga uzi, ndo uifungue taratibu, ile "ting" ya piki, kile kidude cha kupigia nyuzi, haisikiki kabisa, noti inaingia kama fidla, na hapo hujaongeza hata shilingi.

NEEMA: Aisee mi hiyo ndo ilinifanya nipende huu muziki. Mpangilio je?

BARAKA: Gitaa, dilei, riverbu kama unayo, lupa mwisho, ili irekodi sauti pamoja na mwangwi wake. Ukiitanguliza lupa, ukigusa dilei tu unabadilisha matabaka yote uliyokwisha rekodi. Wapo wanaotaka hivyo, sawa, ila usianzie huko.

NEEMA: Ila lupa ikiwa mwisho kuna shida moja, ukifunga lupu, yaani ukimaliza kuirekodi, mkia wa mwangwi unabaki nje, raundi ya pili unasikia sauti imekatika ghafla, inaudhi kweli.

BARAKA: Hapo sasa! Dawa yake, ukishafunga ingia ovadabu, yaani kurekodi juu ya lupu iliyopo, usipige kitu, acha ule mkia urekodiwe juu ya mwanzo wa lupu, ukifa ndo utoke. Ona, 1972 kule London wanamuziki wa Uingereza, mpiga gitaa Robert Fripp na mwenzake Brian Eno, walitumia mashine mbili za tepu, utepe unatoka ya kwanza unaingia ya pili, halafu ya pili inarudisha sauti kwenye ya kwanza, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kukatika, kila noti ilirudi ikififia kidogo kidogo. Sisi tunautafuta ulaini ule ule.

NEEMA: Na umeme msiuchukulie poa. Pedali nyingi ni volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi ya adapta. Mi nilichomeka adapta ya kinanda ya volti 12, chanya katikati, pedali ikafa palepale, niliumia sana. Soma ule mchoro mdogo pembeni ya tundu kabla hujachomeka.

BARAKA: Pole dada. Haya, ngoja nichomeke, noti moja tu, ile ya "mi", sikilizeni ule mkia...

[gitaa linaingia taratibu]