Kabla utepe haujakatwa: kuukagua ukumbi mpya wa michezo chuoni, Malindi

Assalamu alaykum. Hamjambo nyote. Mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mliojibanza kule nyuma kana kwamba jengo hili hamkulijenga nyinyi: sogeeni mbele, tafadhalini. Leo nawahitaji kuliko wageni.

Nimeombwa niwatembeze humu kabla ukumbi haujafunguliwa. Kwa desturi tungekwenda moja kwa moja kwenye viti vipya, mkapiga picha, mkala sambusa, tukaagana. Viti ni vizuri, sina neno navyo. Mgeni rasmi atavisifu siku yake. Mimi naomba mwinue nyuso mtazame paa.

Humu ndani hamna nguzo hata moja. Kiwanja cha mpira wa kikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na pembeni kote sharti ibaki nafasi ya mita 2 ili mchezaji akitoka mbio asiparamie ukuta. Kwa hiyo mnataka mita 32 kwa 19 zilizo tupu, na juu yake mita 7 bila taa wala bomba linaloning'inia. Wazee wa pwani hii walijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Nendeni Gede, yale magofu ya mji wa kale, si mbali, mkavitazame vyumba vyake: ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Walipotaka nafasi kubwa, kama ndani ya msikiti mkuu, walisimamisha safu za nguzo. Sisi nguzo hatuzitaki, basi mzigo wote umebebwa na kenchi, zile fremu za chuma mnazoziona chini ya bati. Zikishindwa, hakuna cha kuzisaidia.

Nitawapa kisa cha kweli. Mji wa Hartford, Marekani, ulikuwa na ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 1975. Usiku mmoja wa Januari 1978 timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut ilicheza mle, watazamaji wapatao 5,000 wakatazama, wakenda zao nyumbani. Alfajiri ya tarehe 18, paa lote likaanguka juu ya viti vitupu, likiwa limeelemewa na theluji. Hakuumia mtu. Mtasema, Malindi theluji itoke wapi? Sawa, lakini sikilizeni kilichotangulia. Wakati wa ujenzi, paa lile lilipimwa likaonekana limepinda kama mara mbili ya hesabu ya wahandisi. Jambo likasemwa, jibu likaja kwamba hakuna tatizo. Ndiyo maana nimewaita mafundi mbele. Fundi akiona kitu kimepinda akaambiwa anyamaze, mimi huo ukumbi siingii.

Huku kwetu adui ni chumvi. Hewa ya bahari huibeba ikaiweka juu ya kila bolti, na mvua haifiki ndani kuiosha, hivyo chuma kilicho chini ya paa kinaweza kuliwa haraka kuliko kile cha nje. Usitazame katikati ya bati, maana hapo rangi hukudanganya. Tazama penye maungio: kichwa cha msumari, ncha ya bati ilipokatwa kwa msumeno, mahali metali mbili tofauti zinapogusana. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini huanza kuliwa. Ukiona michirizi ya rangi ya kahawia kabla hata jengo halijafunguliwa, uliza bolti zile zilipakwa zinki au la. Uliza kwa adabu, lakini usiondoke bila jibu.

Na upepo. Watu hudhani upepo hulikandamiza paa. Mara nyingi hulinyonya kwa juu. Na ukiwa umefungua milango ya upande wa kusi ukafunga ya upande wa pili, hewa iliyoingia hulisukuma paa kutoka ndani pia. Basi kitakachokushika ni vile vyuma vinavyoifunga kenchi kwenye ukuta. Viko wapi? Anionyeshe mmoja wenu. ... Ahsante, binti yangu. Ameviona kabla ya kamati.

Sakafu sasa. Huko ng'ambo kumbi nyingi za vyuo hutandikwa mbao ngumu juu ya mito ya mpira, ili magoti ya wachezaji yasiumie, na mitambo huiweka hewa kwenye unyevu wa asilimia 35 hadi 50 mwaka mzima. Malindi unyevu mara nyingi hupita asilimia 70. Mbao hunywa maji ya hewani ikatanuka, na isipopata pa kwenda huinuka katikati, mpira ukadunda upande. Kwa hiyo tazameni chini ya ule ubao mwembamba unaozunguka ukuta pale unapokutana na sakafu: pana mwanya wa kama sentimita 5 umeachwa makusudi. Asije mtu akauziba kwa saruji akidhani fundi alisahau. Kwa maoni yangu, kama chuo hakina fedha za kuendesha mitambo ya hewa kila siku, sakafu ya plastiki ingefaa zaidi. Lakini mbao imekwisha kutandikwa, basi itunzeni.

Kikapu kimefungwa mita 3.05 kutoka sakafuni, na kipimo hicho chenyewe kimezaliwa na jengo. Desemba 1891, James Naismith, mwalimu wa chuo kimoja pale Springfield, Massachusetts, alitaka mchezo wa ndani kwa ajili ya baridi kali. Akapigilia vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi, na roshani ilikuwa futi 10 juu. Watazamaji waliokaa huko juu wakawa wanauingilia mpira kwa mikono, ndipo ubao wa nyuma ya kikapu ukawekwa kuwazuia. Wajenzi wetu wameweka vikapu kaskazini na kusini, na hilo nalipongeza kwa dhati: vingekuwa mashariki na magharibi, jua la jioni lingewapofusha nusu ya wachezaji kupitia madirisha yale.

Vyoo nimevipitia. Maji yanatoka. Njia ya kiti cha magurudumu ina mteremko mkali mno. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele, na hii haifiki. Ibomolewe ijengwe upya, wiki hii.

Limebaki la milango, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka 1971 katika uwanja wa mpira wa Ibrox, Glasgow, watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea, mechi ikiwa imekwisha. Kwetu Kenya, Oktoba 2010, watu 7 walikufa katika msongamano wa langoni uwanja wa Nyayo. Hakuna paa lililoanguka siku hizo. Mlango wa dharura sharti ufunguke kuelekea nje, kwa kusukumwa na kifua tu, bila ufunguo. Nimekuta mmoja una kufuli. Nimeambiwa ni kwa ajili ya wezi. Wezi watafutiwe askari, kufuli itoke.

Karatasi haiwezi kuniambia mtatoka vipi. Kwa hiyo kaeni mlivyokaa, mpaka safu za juu. Mlango wa kaskazini nimeufunga, fanyeni kama moto umewaka huko. Mzee wetu mwenye fimbo asibebwe, atembee kwa mwendo wake, nanyi mkae nyuma yake. Msikimbie. Saa ninayo mimi. Haya, tokeni.