Baiskeli ya chuma: kuiunda mwenyewe au kununua nzima

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaoteremsha mawese kutoka Mwandiga, habari za asubuhi.

Swali lililotukusanya hapa Ujiji linaulizwa kila siku: nikusanye vipuri niunde baiskeli yangu, au niingie dukani nitoke na nzima? Nazungumzia ile ya mtindo wa zamani, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, bomba la juu limelala sawasawa. Msingi wake ni ule wa John Kemp Starley alipotoa Rover yake huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na mnyororo unaozungusha la nyuma. Raleigh ya Nottingham, Hero ya Ludhiana, Phoenix ya Shanghai, zote zimefuata njia hiyo. Ndiyo maana kipuri cha moja mara nyingi huingia kwenye nyingine. Mara nyingi, si mara zote, na pale kisipoingia ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Msimamo wangu nautoa mapema. Anayekwenda shambani na jembe, au anayempeleka mtoto shule, anunue nzima, kisha aifungue siku hiyohiyo. Anayebeba madumu aunde mwenyewe, na fedha yake aimalizie kwenye gurudumu la nyuma.

Tupige hesabu. Dumu la lita 20 likijaa mawese lina kilo 18 za mafuta, ongeza uzito wa dumu lenyewe. Madumu manne yanafika kilo 75. Mwendeshaji naye ana kilo 60 au 65. Zaidi ya kilo 130 zinateremka mlima, na sehemu kubwa inakaa juu ya ekseli ya nyuma. Baiskeli ya dukani haikufungwa kwa kazi hiyo.

Lakini kuunda si kuokoa fedha. Ukinunua kila kipuri kipya, kuanzia fremu, foki, rimu, habu (kitovu cha gurudumu), spoku, chenwili (gia ya mbele kwenye pedali), friwili (gia ya gurudumu la nyuma), mnyororo, hendeli, tandiko, hadi breki na madigadi, jumla itaipita bei ya baiskeli nzima, maana kiwanda kinanunua kwa maelfu na wewe unanunua kimojakimoja. Kuunda kunalipa pale tu unapokuwa na fremu nzuri ya zamani.

Fremu nzuri utaijuaje? Usiangalie rangi. Chukua uzi wa mshonaji, ufunge pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kulia, uupitishe mbele kuzunguka bomba la usukani, uurudishe upande wa kushoto, ukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la tandiko, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikipishana zaidi ya milimita tatu, imepinda, na baiskeli itakuvuta upande mmoja maisha yake yote. Kisha pitisha kidole chini ya bomba linaloteremka kutoka kwenye usukani, karibu kabisa na maungio ya mbele. Ukigusa mkunjo, hata mdogo kama ukucha, hiyo iligonga kitu. Iache. Kuchomelea pale ni kuhamisha ufa: chuma kilichoungua pembeni mwa weldi ndicho kitakachokatika safari nyingine, tena kwenye mteremko.

Nije kwa anayenunua nzima. Ile baiskeli imefika kwenye boksi, nusu imefungwa kiwandani, nusu imefungwa na kijana wa dukani kwa dakika arobaini. Grisi ni kidogo, na koni, zile nati za mviringo zinazobana gololi, zimekazwa mno. Ukizungusha ekseli ya mbele kwa vidole viwili utasikia inakwaruza kama mtu anasaga mchanga. Fungua. Habu ya mbele kwa kawaida ina gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma gololi 9 za inchi 1/4, na kwenye ekseli ya pedali, ile inayopita ndani ya fremu, 11 za inchi 1/4 kila upande. Zihesabu wakati wa kutoa, maana mara nyingine moja imekosekana tangu mwanzo. Jaza grisi, rudisha, kisha kaza koni hadi ekseli izunguke laini bila kucheza. Ukimaliza kukaza nati ya nje, pima tena, kwa sababu nati hiyo huisukuma koni ndani kidogo. Wengi wanasahau hapo, na baada ya miezi miwili koni imechimbika.

Jambo moja linalowatoa jasho vijana: kikombe cha kulia kinachoshika gololi za ekseli ya pedali, upande wa mnyororo, kwa mtindo wa Kiingereza hufungwa kinyume, kwa kuzungusha kushoto, na pedali ya kushoto vilevile. Ukilazimisha kwa bomba refu kwenye spana, utakula nyuzi za fremu, yaani mikato ya skrubu, na fremu imekwisha.

Sasa gurudumu la nyuma. Hapa nitakaa.

Kwanza hesabu matundu. Mtindo wa Kiingereza ni spoku 32 mbele na 40 nyuma, lakini zipo rimu na habu za 36. Habu ya 40 haikubali rimu ya 36, hata ungekuwa fundi wa namna gani. Pili, angalia umbo la rimu. Breki za vyuma zinavuta raba juu, zikakamate tumbo la rimu kwa ndani, kule kwenye spoku. Breki za waya zinabana ubavuni, na rimu zake zina ubavu bapa. Mtu akinunua rimu ya ubavu bapa akaiweka kwenye baiskeli ya breki za vyuma, raba inagusa pembeni kidogo tu, na kwenye mteremko breki haipo.

Tatu, unene wa spoku. Za kawaida ni geji 14, milimita mbili. Kwa mizigo tafuta geji 13, au 12 yenye milimita 2.6, lakini hakikisha zinapita kwenye matundu ya habu na zina vichwa vyake vya kukazia. Tia tone la mafuta kwenye nyuzi za kila spoku kabla ya kuanza.

Kusuka gurudumu la spoku 40: ingiza spoku kumi upande wa kulia, tundu moja unaingiza, moja unaruka. Kwenye rimu kila spoku inafuatia tundu la nne kutoka kwa mwenzake. Fanya hivyo upande wa kushoto. Kisha zungusha habu hadi spoku zilale, uingize kumi za kurudi nyuma kila upande. Kila spoku inayorudi ikutane na nne za upande wake: tatu za kwanza ipite juu, ya nne ipite chini. Hiyo ya chini ndiyo inayozifanya zisaidiane mzigo ukidunda kwenye jiwe.

Usikaze kwa fujo. Kaza zote hadi nyuzi zifichike, kisha nusu mzunguko kwa kila moja, ukianzia tundu la valvu na kuishia hapohapo. Weka gurudumu kwenye fremu, shikilia chaki karibu na rimu, zungusha. Chaki ikigusa kulia, kaza spoku za kushoto sehemu hiyo, na za kulia legeza kidogo. Ukifikia mtikisiko wa milimita moja, shika spoku mbili mbili zilizo sambamba, zibane kwa kiganja kwa nguvu, gurudumu zima. Utasikia zinalia ti, ti. Zinakaa mahali pake. Nyoosha tena. Mwisho piga tupa ncha zote zilizochomoza ndani ya rimu, weka mkanda, ndipo uvike tyubu.

Watu wanasema spoku hukatika kwa sababu imekazwa mno. Mara nyingi ni kinyume. Iliyolegea hupinda na kurudi kila gurudumu linapozunguka, na inakatikia pale shingoni kwenye habu, kama waya unaoukunja kwa mkono. Spoku moja ikikatika upande wa friwili, gonga nyingine kwa spana usikilize mlio. Zenye sauti nzito ndizo zinazofuata.

Gia ni jambo la kuchagua mapema. Chenwili ya meno 48 na friwili ya 18 inakupeleka karibu mita sita kwa mzunguko mmoja wa pedali. Inafaa barabara tambarare. Kwa milima yetu na mzigo, weka 44 kwa 20, utakwenda kama mita 4.9, na magoti yatapona. Mnyororo ukiwa mpya, pini 25 zinazofuatana zinachukua inchi 12 kamili kwa rula. Zikifika inchi 12 na 1/16, badilisha kabla haujala meno ya chenwili.

Kotapini, yaani pini zinazoshika mikono ya pedali kwenye ekseli yake, ziingie kwa kuelekeana kinyume, la sivyo pedali hazitakaa kwenye mstari mmoja. Unapogonga, weka bomba zito lisimame chini ya mkono wa pedali lipokee kishindo. Bila hilo kishindo kinaingia kwenye gololi, na kikombe kinabaki na vishimo. Nati ya kotapini si ya kuivuta pini ndani. Gonga kwanza, nati ije kushikilia tu.

Pini mpya hulegea baada ya safari za mwanzo. Siku ya tatu igonge tena na ukaze nati, upitie na spoku zote kwa vidole, kabla hujafunga dumu la nne.